Manukato Yaliyokataa Kuisha

Ilipofika saa nane mchana, Mama Pua alijinusa kifundo cha mkono akakunja uso. Manukato mepesi ya maua hayana ubishi. Ukijipulizia asubuhi, adhuhuri yameshaaga, yamebaki kidogo tu kwenye ukosi wa blauzi. Haya alijipulizia saa tatu, na kwa uzoefu wake wa miaka kumi na miwili yalipaswa kuwa marehemu. Badala yake yalikuwa yanaanza upya, kutoka mwanzo kabisa, ule ubichi wa majani unaotangulia kabla ua halijafunguka.

Duka la manukato lilimwajiri kwa ajili ya pua yake. Kila kichupa kipya kilipita kwake kwanza, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, kwa sababu upepo humdanganya mnusaji. Alikuwa na kanuni moja, na aliishikilia kwa ukaidi ambao mwenye duka alishachoka kuulalamikia: manukato hayahukumiwi yakiwa hai. Unayapaka, unakaa nayo, unayasikiliza yanavyogeuka, na yakishakata roho mwilini mwako ndipo unapoandika kwenye kadi kama yanafaa kununuliwa au hayafai. Wanusaji wa maduka mengine huamua kwa dakika kumi. Mama Pua aliwaita wachumba wa haraka.

Kichupa hiki kiliandikwa Machipuko. Kililetwa na wakala mmoja mpole, mwanamke aliyevaa glavu za pamba. Mama Pua alipomuuliza kama yeye mwenyewe huyatumia, alijibu, "Mimi? Hapana, dada. Mimi nabeba tu."

Mwenye duka alichungulia mlangoni. "Vipi, tuagize?"

"Bado hayajaisha, bosi."

"Wewe nawe. Kizuri chajiuza. Duka zima linanukia, wateja wananiuliza."

"Nipe mpaka kesho."

Mlango ulipofungwa, alisikia mtu akivuta pumzi puani nyuma ya shingo yake. Alivuta taratibu, mara tatu, kisha akatulia. Ndivyo yeye mwenyewe alivyonusa, mara tatu na kutulia, na hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemwona akifanya hivyo kwa karibu namna ile. Aligeuka. Palikuwa na rafu, vichupa, na koti lake kwenye msumari.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Mama mkwe alimpokea kizingitini na mjukuu wake wa miezi minne, ambaye alikuwa akilia njaa na kurusha miguu. Mama Pua alikaa, akafungua blauzi, akamsogeza kifuani. Mtoto alinyamaza ghafla. Alimtazama mama yake kama anavyotazamwa mgeni, akageuza uso, akaanza kulia upya, kilio cha hofu sasa.

"Mwanangu, hebu kaoge," mama mkwe alisema kwa sauti ya chini. "Hakutambui. Mtoto wa umri huu anamjua mama kwa harufu."

Alioga. Alijisugua kwa sabuni ya kufulia, kwa ndimu, kwa majivu, mpaka ngozi ikawaka. Mtoto alikataa ziwa, akakataa chupa ambayo hakuwahi kuizoea, akakataa kijiko. Mumewe, fundi saa, mtu asiyepandisha sauti hata kwa bahati mbaya, alimbeba mtoto akawa anazunguka naye uani.

Hapo ndipo Mama Pua alipoanza kuogopa kweli. Alitoka chumbani akaenda uani, na harufu ilikuwa uani; akatoka uani akaenda barabarani, akatembea kwa kasi akiwapita watu waliogeuka na kutabasamu kwa jinsi alivyonukia vizuri, akageuka kona moja, akageuka ya pili, na kila alipofika alikuta yuko mle mle, ndani ya chumba cha maua kisicho na dirisha wala mlango, chumba kilichotembea naye, na ndani ya chumba hicho mtu alikuwa akimnusa, nyuma ya sikio, chini ya kidevu, kwenye kiganja, mara tatu na kutulia, mara tatu na kutulia, bila haraka, kama mtu aliyeambiwa akae mpaka mwisho kabla ya kutoa jibu.

Asubuhi mtoto alikuwa amepunguza kulia. Hilo lilimtisha mama mkwe kuliko kilio.

"Vaa viatu," alisema. "Kuna mganga mmoja nyuma ya karakana ya baiskeli. Ana faida moja, hasikii harufu. Ugonjwa wa utotoni ulimchukulia pua."

Mganga alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani, na hakufukiza ubani wala kupiga ramli. Alimshika Mama Pua mkono, akausogeza kwenye sikio lake, akausikiliza kwa muda mrefu.

"Anahema," alisema hatimaye. "Lakini huyu hajakupanda kichwani. Umemkaribisha mwenyewe. Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu, mama. Nilijipaka tu. Kanuni yangu ni kwamba sitoi hukumu mpaka harufu iishe."

"Na yeye haondoki mpaka ahukumiwe. Basi mmeshikilia mlango mmoja, kila mtu upande wake."

Mama Pua alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kama ni hivyo tu, nasema hayafai."

"Unaamini hayafai?"

Alitaka kusema ndiyo, na ulimi ulikataa. Katika miaka kumi na miwili hakuwahi kunusa kitu kizuri kama kile, chepesi bila kuwa cha bei rahisi, ua bila sukari, asubuhi yenyewe iliyotiwa kwenye kichupa. Angemnunulia dada yake. Angejinunulia yeye.

"Usimdanganye," mganga alisema. "Ameshakunusa mpaka ndani, anajua unachokiwaza. Kwa uongo hatoki."

"Na nikisema ukweli?"

"Atatoka kwako." Mganga alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Sikusema ataenda wapi. Na neno hilo ukishalitoa, lisimamie. Siku utakayotaka kulirudisha kinywani, naye atarudi."

"Mtoto hajanyonya tangu jana asubuhi," mama mkwe alinong'ona. Hakuwa akimlazimisha. Alikuwa akisema tu jambo lililokuwepo.

Walipitia dukani. Mama Pua alichukua kadi, akaandika: Yanafaa. Yanunuliwe. Hakuwa amemaliza nukta ya mwisho harufu ilipokatika, ghafla, na puani mwake ikaingia harufu ya jasho lake mwenyewe, ya ndimu na majivu, na aliipenda kuliko manukato yote aliyowahi kuyapitisha. Alikimbia mpaka nyumbani. Mtoto alimng'ang'ania akanyonya mpaka akasinzia na ziwa mdomoni, na fundi saa alikaa mlangoni akawatazama akilia bila kujificha.

Shehena ya Machipuko ilifika baada ya wiki mbili. Mama Pua aliomba ruhusa ya kuacha kazi, mwenye duka akacheka, akamwongezea kiti chenye mto. Wateja waliosita waliletwa kwake, kwani ndiyo ilikuwa desturi ya duka: mnusaji ndiye mwenye neno la mwisho.

Wa kwanza alikuwa msichana wa umri wa mdogo wake wa mwisho, mjamzito, tumbo limeshuka, mkono mmoja kiunoni.

"Dada, wanasema wewe ndiye uliyeyachagua," alisema. "Sijawahi kujinunulia kitu kizuri. Nataka ninukie siku mtoto atakapokuja. Niambie ukweli tu, nichukue?"

Mama Pua alimtazama tumbo. Alifungua mdomo amwambie aende nyumbani, akafue nguo za mtoto, asirudi tena dukani pale. Kabla hajatamka, nyuma ya shingo yake mtu alivuta pumzi, taratibu. Mara moja. Kifundo cha mkono wake kikaanza kunukia majani mabichi. Mara mbili.

"Chukua, mdogo wangu," alisema. "Yanafaa."

Msichana alitabasamu, akanyoosha mkono apuliziwe.