Magitaa ya Muli na Ngoma ya Susu

Harufu ya ugoro ilianza kusikika nyumbani kwa Muli mchana wa Jumatatu, jua likiwa kali na mabati yakialika juu ya paa. Kamanthe, mke wake, ni mama wa kanisa, na ugoro haujawahi kuvuka mlango wake. Alinusa mapazia, akanusa viatu vya mumewe, mwishowe pua ikamfikisha ukutani yalipotundikwa magitaa ya besi: la mbao, jekundu, jeusi, na jeupe lililonunuliwa juzi. Harufu ilitoka kwa lile jeupe.

"Baba Ndanu, hii gitaa umetoa wapi?"

"Dukani, Nairobi. Ni mpya."

"Na mbona inanuka mtu mzee?"

Muli alijifanya anatafuta simu. Alijua, na ndiyo sababu mimi simwonei huruma.

Gitaa lake la kwanza, lile la mbao, alichongewa na fundi Nzuki wa Wamunyu kutokana na ngoma ya susu, yaani nyanya yake. Susu alikuwa mnusa ugoro na mpigaji wa kilumi, ngoma ya wazee wa Ukambani ambayo ikilia, pepo huwapanda watu na kudai kitu mpaka wapewe. Kabla ya kufa aliagiza ngoma yake isiguswe hadi ukoo upate msichana wa kuirithi. Lakini Muli alikuwa na bendi ya roki na hakuwa na gitaa, akaona mti mkavu wa bure unakaliwa na kuku. "Susu alishaenda, na mimi nimeokoka," alimwambia Nzuki. "Wewe pasua." Ngozi ya ngoma wakamtupia mbwa.

Gitaa lililia, jamani! Watu wazima walitoa machozi harusini bila kujua wanalilia nini. Shingo yake ilipopasuka Muli akanunua jekundu, nalo likasikika kama debe. Akarudi Wamunyu, Nzuki akachonga kijiti cha urefu wa kidole kutoka kwenye mbao ya ngoma ya susu na kukipachika chini ya nyuzi. Utamu ukarudi. Mwezi huohuo mama yake Muli alikufa ameketi akichambua ndengu, hata kukohoa hakukohoa. Jekundu lilipoharibika, kijiti kikahamishiwa jeusi, na mdogo wake Mumo akaokotwa kwenye silanga, bwawa la kijiji, kule Mwala, maji yakiwa ya magoti tu. Mara ya kwanza mtu husema ni bahati mbaya. Mara ya pili Muli alijua vizuri sana, na bado, jeusi lilipochoka, alikichomoa kijiti akakitia ndani ya jeupe, kwa sababu shoo kubwa ya Machakos ilikuwa inakaribia.

Nyumbani walikuwa wamebaki Kamanthe na binti yao Ndanu, aliyekuwa na miaka sita.

Kesho yake Ndanu alirudi kutoka shuleni akapita bila kusalimia, akaketi chini ya magitaa, akaanza kupiga sakafu kwa viganja, polepole kwanza, kisha kwa mwendo ambao hakuna mtoto wa mjini aliyefundishwa, na kila alipopiga nyuzi za ukutani zilijibu zenyewe, nzito, chini kabisa, hadi vikombe vikatembea kabatini na harufu ya ugoro ikajaa kooni mwa Kamanthe kama moshi wa kuni mbichi, na alipomshika mtoto mkono aliona viganja vimechubuka vinatoka damu na mtoto anacheka. Kisha Ndanu, ambaye Kikamba chake kilikuwa cha salamu tu, akasema kwa Kikamba kizito cha wazee, "Ngozi yangu mlimpa nani?"

"Baba Ndanu," Kamanthe alinong'ona, "umeniletea majini kwa nyumba?"

"Ongea pole pole. Inasikia."

Ndipo Muli akamwambia yote. Kamanthe hakupiga kelele. Alifunga mgongoni mtoto, aliyekuwa ameshazimia, akasema, "Twende Mwala. Wa kanisa watanifukuza baadaye."

Huko Mwala aliishi Munyiva, mwanamke wa mwisho aliyepiga kilumi pamoja na susu. Alimtazama Ndanu, akamtazama Muli, akatema mate.

"Huyu ndiye msichana alikuwa anangojewa. Angepewa ngoma, angecheza, angezeeka. Sasa ngoma haiko, inataka kumfanya yeye ngoma."

"Mwaitu, mama yetu, tufanye nini?" Kamanthe aliuliza.

"Mlete hiyo mbao yote. Yote, umesikia, kijana? Tuivike ngozi ya mbuzi, tuizike kwa kaburi ya mwenyewe. Ukibakisha hata kijiti, usinitafute tena. Sitafungua mlango."

Walifanya hivyo mchana kweupe. Gitaa la mbao lilivikwa ngozi na kufukiwa, wanawake wakapiga ngoma, na Muli mwenyewe, machozi yakimtoka, akadondosha kijiti shimoni. Ndanu akapiga chafya, akafungua macho, akaomba uji. Kamanthe alilia kwa furaha hata akasahau kumshukuru Munyiva.

Kijiti kile Muli alikuwa amekichonga asubuhi kutoka mguu wa kitanda. Cha susu kilibaki ndani ya gitaa jeupe. Alijiambia ni shoo moja tu, baada ya hapo atakizika.

Siku ya shoo uwanja ulijaa jioni mapema. Muli alipogusa nyuzi, watu walisukumana kusogea jukwaani. Hawakuwahi kusikia besi namna ile. Katikati ya wimbo, chini ya mlio, akasikia sauti ndogo anayoifahamu: "Mama, uji unachoma." Simu ikaanza kutetema mfukoni. Ilikatika, ikatetema tena. Wanabendi wake humtetea, wanasema vidole vilikataa kusimama. Uongo mtupu. Alisimama, akanywa maji, akaendelea.

Ndanu alikufa jioni hiyo kwenye mapaja ya mama yake, kikombe mkononi. Munyiva hakufungua mlango, kama alivyosema.

Sisi majirani tulingoja Kamanthe aondoke, hata ndugu zake walikuja na pikapu. Hakuondoka. Kila shoo yeye huenda, akasimama karibu na spika mahali ambapo masikio huuma, amefumba macho, ameshika kikombe cha uji, anakipuliza upoe.

Wiki iliyopita shingo ya gitaa jeupe ilianza kuingia ufa. Muli aliliweka mezani na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema labda ameshapiga muziki wa kutosha. Katika nyumba ile amebaki mtu mmoja tu wa kulipa, na mtu huyo alikuwa amesimama nyuma yake ameshika koti la Muli la kwenda Nairobi, amelikunjua tayari amvishe.

"Nunua ingine, Baba Ndanu," alisema kwa upole. "Mtoto wangu yuko huko ndani peke yake."