Barua ya Bwana Nagatani

Kila asubuhi saa moja na nusu, watoto wa mtaa wa Kamisawa walikutana mbele ya duka la mchele, wakajipanga mstari mmoja, kisha wakaenda shule kwa miguu. Mbele alitembea mwanafunzi wa darasa la sita aliyebeba bendera ya njano ya kusimamishia magari. Nyuma ya wote alitembea Kozue. Hakuna aliyemwambia awe wa mwisho. Alipohamia mji wa Kurise mwezi wa nne, nafasi nyingine zote zilikuwa na wenyewe, naye hakutaka kumsukuma mtu.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga, lakini kuku mweupe angalau hutazamwa. Kozue alikaa miezi saba bila ya kutazamwa. Baba yake alikuwa fundi wa kampuni ya magari ya Hoshikawa. Kampuni ilimhamishia Kurise, familia ikafuata, na kabla maboksi hayajafunguliwa yote ikamtuma peke yake kwenye kiwanda chake cha Tailandi kwa miaka mitatu. Alipiga simu kila Jumapili. Mama alifanya kazi posta na kurudi jioni, kwa hiyo mchana Kozue alijifungulia mlango mwenyewe, akasema "Nimerudi," kisha akavua viatu bila ya kusubiri jibu.

Kurise ulikuwa mji wa Hoshikawa. Karibu kila baba alifanya kazi kiwandani, na karibu kila gari lililoegeshwa uani lilikuwa na nyota ya Hoshikawa puani. Aliyethubutu kununua gari la kampuni nyingine aliliegesha nyuma ya nyumba, kama mtu anayeficha nguo iliyotoboka. Madereva wa teksi, wakulima na wauza samaki wa mikoa ya mbali walikuwa na msemo mmoja juu ya magari hayo: "Mvua inyeshe, Hoshikawa haivuji."

Siku moja Mwalimu Hatano aliwagawa wanafunzi wa darasa la tano katika vikundi. Kila kikundi kitengeneze gazeti la ukutani kuhusu kampuni hiyo, lisomwe na wazazi siku ya wageni, kisha lipelekwe maktaba ya mji. Kozue aliwekwa kundi la Shunpei, mvulana mwenye sauti kubwa na mwandiko mbaya, ambaye babu yake aliwahi kuwa msimamizi kiwandani.

"Historia naandika mimi," Shunpei alisema. "Ndugu wawili wa Hoshikawa walianza na pampu za mashamba ya mpunga. Baada ya vita wakatengeneza pikipiki ya matairi matatu ya kubebea mboga, halafu ndiyo magari. Yote ninayo kichwani, babu kanisimulia. Nyie wawili mchore. Kozue, wewe katafute wenye magari waseme wanayaonaje."

"Niende kwa nani? Simjui mtu."

"Gonga milango tu. Kwani baada ya shule una pa kwenda?"

Wenzake wakacheka. Kozue naye akacheka kidogo ili asionekane ameumia, ingawa aliumia.

Aligonga milango minane. Wengi walimjibu wakiwa wamesimama mlangoni: gari zuri, halisumbui, kwaheri. Mlango wa tisa ulifunguliwa na bibi mfupi, Tokuyo Nagatani, na nyuma yake uani Kozue aliona gari dogo la buluu, la zamani, linalong'aa kama limetoka dukani jana.

"Lina miaka thelathini na mmoja," alisema bibi. "Ingia ndani, mjukuu wangu. Habari za gari hili hazisemwi mlangoni."

Bibi Tokuyo alimpa chai na machenza. Ukutani palikuwa na madhabahu ndogo ya mbao yenye picha ya mumewe, aliyefariki miaka minne nyuma, na mbele yake kikombe cha wali. Siku hiyo bibi hakusimulia sana. Alitaka kwanza kujua Kozue ni mtoto wa nani, anapenda kula nini, na baba anaendeleaje huko kwenye joto. Kozue alizungumza mpaka akajishangaa. Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na siku ya tatu bibi akafungua droo ya madhabahu na kutoa karatasi iliyokunjwa.

"Mume wangu alikuwa kikundi cha kufunga mipira ya milango, ile ya kuzuia maji yasiingie garini," alisema. "Kikundi bora kiwandani, wana bendera yao ya sifa. Tukanunua gari hili. Mvua ya kwanza, tunakwenda harusi ya mdogo wangu, maji yakaingia mlangoni yakanimwagikia vazi langu la sherehe, kimono chote. Nikamwambia, mwenzangu, si mnasema haivuji? Alijua kwa nini inavuja."

"Kwa nini, bibi?"

"Mipira ya mwezi ule ilikatwa mifupi. Wao wakawa wanaivuta mpaka inafika, kwa kuogopa kusimamisha kazi na kunyang'anywa bendera. Na yeye alikuwa mmoja wao. Basi akakaa akaandika barua kwa kampuni. Hii ni nakala yake."

Kozue alisoma: *Mimi ni mwenye gari, na gari langu linavuja. Mimi pia ni mmoja wa waliofunga mpira huo, na nilijua ni mfupi. Naomba radhi mara mbili. Tafadhali yatazameni magari yote ya mwezi huo kabla ya mvua za Juni.*

"Wakayatazama?"

"Yote. Wakabadilisha na namna ya kukata mpira, na ndiyo maana leo watu wanasema haivuji. Lakini kikundi kikanyang'anywa bendera, na wenzake wakaacha kumsalimia. Anaingia asubuhi anasema hamjambo, kimya. Saa ya chakula anakaa meza yake peke yake. Miezi kumi na minne, Kozue. Alikuwa anarudi na chakula nusu. Mtu akila mwenyewe kila siku, chakula hakipiti."

Kozue alijua jambo hilo vizuri kuliko alivyoweza kusema.

Usiku ule aliandika habari yote, barua na meza na kila kitu. Asubuhi Shunpei alisoma akiwa amekunja uso.

"Hii hatubandiki."

"Lakini ni kweli."

"Kweli au uongo, wazazi wanakuja. Babu yangu anakuja. Unataka wasome kwamba kiwanda kilifunga mipira mibovu? Baba zetu wote wako pale. Wako tena yuko Tailandi kwa ajili yao." Kisha akapunguza sauti. "Andika tu kwamba gari limedumu. Ukimaliza, njoo tucheze mpira. Tumepungukiwa mtu."

Katika miezi saba hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya namna hiyo. Kozue alichukua karatasi mpya. Kwa mwandiko mzuri wa kalamu ya buluu aliandika: *Bibi Tokuyo Nagatani amemiliki Hoshikawa yake miaka thelathini na mmoja. Tangu siku ya kwanza halijavuja hata tone.* Jioni hiyo alicheza mpira uwanjani hadi kengele ya jioni, na akiwa anakimbia alisahau. Usiku, usingizi ulipokataa kuja, ndipo akakumbuka.

Siku ya wageni ilikuwa Jumamosi. Wazazi walisimama nyuma ya darasa wakiwa wamevaa ndara za shule, wakilisifu gazeti la kundi la Shunpei. Mara Kozue akamwona Bibi Tokuyo mlangoni, amevaa koti lake la heshima na kuchana nywele vizuri. Alisogea ukutani, akavaa miwani, akasoma taratibu. Alipofika mwisho alirudia tena toka mwanzo, kana kwamba huenda ameruka mstari.

"Una mwandiko mzuri," alimwambia Kozue. Kisha aliinama kidogo kwa adabu, akaondoka.

Jumapili Kozue alikwenda kwake. Bibi alifungua mlango, akamshukuru kwa kuja, akasema leo ana kazi nyingi. Hakuwa na hasira. Alikuwa na adabu ileile wanayopewa wauza bima, na hiyo ndiyo iliyomchoma Kozue moyoni. Alirudi nyumbani akalia mbele ya viatu vyake. Rafiki mmoja tu alikuwa naye katika mji mzima, na amempoteza kwa sababu ya mchezo wa mpira. Tena alikuwa amemtoa Bwana Nagatani duniani mara ya pili: wa kwanza walimnyima salamu, yeye kamnyima hata jina.

Baba alipopiga simu jioni, Kozue alimweleza yote.

"Nilikuwa simjui mtu huyo," baba alisema. "Na mimi hufunga milango. Huku ninawafundisha watu kupima mpira mara mbili kabla ya kuufunga, na sikuwahi kuuliza nani alianzisha. Mwanangu, gazeti hilo limeshakwenda maktaba?"

"Linakwenda Jumatano."

"Basi bado una siku mbili."

Jumatatu, saa ya kikao cha darasa kabla ya kwenda nyumbani, Kozue alisimama. Alisema kwamba alichoandika si kweli, kwamba Bibi Tokuyo hakumwambia hivyo, na kwamba anaomba kubandika habari halisi. Kisha aliisoma yote.

Shunpei alisimama, masikio mekundu.

"Mwalimu, anawatukana baba zetu. Na tulishakubaliana."

"Tulikubaliana," Kozue alisema, "na mimi niliandika kwa mkono wangu. Kosa ni langu. Lakini likienda maktaba hivi, litakuwa la wote."

Mwalimu Hatano hakumkaripia yeyote. Alimpa Kozue gundi. Jioni hiyo hakuna aliyemwita uwanjani, na Jumanne asubuhi mstarini, aliyekuwa mbele yake aliongeza hatua ili nafasi iwe kubwa zaidi. Saa ya chakula wenzake walisogeza madawati yao pamoja, lake likabaki peke yake. Kozue alikula wali wake polepole. Kweli haukupita.

Hakujua kwamba Shunpei alikuwa amekwenda nyumbani kumshtaki kwa babu yake, Mzee Ashida. Alisimulia kila kitu kwa hasira, akingoja babu naye akasirike. Mzee Ashida aliweka chini vijiti vya kulia.

"Huyo mtu alikuwa na jina gani?"

"Nagatani."

Mzee hakula tena siku ile.

Jumanne baada ya masomo, Kozue alimkuta kwenye lango la shule, mzee mrefu aliyevaa kofia, na Shunpei pembeni yake akitazama chini.

"Wewe ndiye Kozue? Jumamosi sikufika; nimelisoma gazeti lenu sasa hivi. Naomba unipeleke kwa mke wa Nagatani. Najua nyumba ilipo. Nimejua miaka yote hii. Nimeshindwa tu kufika peke yangu."

Bibi Tokuyo alipofungua mlango na kumwona, alishika ubao wa mlango. Kisha akasogea pembeni wapite. Mzee Ashida alivua kofia, akapiga magoti mbele ya picha, akawasha udi.

"Nilikuwa kiongozi wa kikundi kile," alisema bila ya kugeuka. "Mimi ndiye niliyesema tuivute mipira ifike. Yeye alipoandika, hakunitaja. Aliandika juu yake mwenyewe tu. Nami nikawaambia wengine wasimsalimie." Akainamisha kichwa mpaka kikagusa mkeka. "Nagatani, umeamkaje. Umeamkaje, ndugu yangu. Nimechelewa sana."

Shunpei hakuwahi kumwona babu yake akilia. Alitazama pembeni, kisha akatazama tena. Bibi Tokuyo naye alilia, lakini kwa utulivu, kama mtu aliyefikishiwa mzigo alioungoja hadi akachoka kuuliza. Mwishowe alikwenda jikoni kuchemsha maji, na aliporudi alimkalisha Kozue karibu naye.

"Kumbe umeandika upya, Kozue?" aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Nimeibandika habari halisi. Naomba radhi. Niliogopa kubaki peke yangu."

"Na sasa?"

"Niko peke yangu vilevile," Kozue alisema. "Tena zaidi."

"Hayuko peke yake," alisema Shunpei kwa sauti ndogo, ambayo haikuwa kawaida yake. "Kesho tunalipeleka maktaba pamoja. Na ile historia yangu nataka kuongeza jina lake."

Bibi Tokuyo alimmiminia kila mtu chai, akianza na mzee.

"Sikilizeni, wajukuu wangu," alisema. "Watu wanadhani gari hili linaaminiwa kwa sababu halikukosewa. Lilikosewa, na waliolikosea walikuwa watu wazuri. Linaaminiwa kwa sababu mmoja wao alisema. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na kosa likifichwa na watu mia halipungui, linasubiri mvua tu. Msema kweli hukaa meza yake peke yake, hilo siwafichi, mume wangu alikaa. Kwa hiyo mkimwona mtu ameketi hivyo, msisubiri miaka thelathini. Chukueni chakula chenu mkakae naye."