Siku Kumi za Kadi ya Manjano

Kila asubuhi, kabla jua halijafika juu ya mapaa ya mtaa wa Mbotela, Aluoch alikuwa ameshajaza maji mitungi miwili, amefagia sebule na kumwamsha mdogo wake, Amondi. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwepesi wa mikono na miguu. Kasoro yake ilikuwa moja: hakujua kungoja. Chai ikiwa motoni, aliifunua sufuria mara tano kabla haijachemka. Kanisani, mahubiri yakirefuka, alihesabu misumari ya dari. Mama yake, Triza, fundi wa kushona sare za shule, alizoea kusema kwamba Aluoch angekuwa uzi, angejichomoa sindanoni mwenyewe.

Mwaka huo tabia hiyo ilizidi, kwa kuwa palikuwa na jambo kubwa la kungojewa. Baba yao, Bwana Obura, karani katika ghala la reli, alikuwa amebandika karatasi nyuma ya mlango. Juu yake aliandika: "Safari ya Kisiwani". Chini yake iliteremka orodha: hema, mikeka, vyandarua, kurunzi, hati za kusafiria, kadi za manjano za chanjo. Jumamosi, tarehe kumi na sita Agosti, familia nzima ingepanda basi hadi Uganda, ivuke Ziwa Viktoria kwa kivuko, kisha ilale kisiwani siku nne ndani ya hema. Bwana Obura alizaliwa kando ya ziwa hilo upande wa Kenya, lakini hakuwahi kulivuka. Ruhusa ya kazi aliipata baada ya kuiomba miaka mitatu mfululizo.

Siku walipolijaribu hema uani, watoto wa jirani walikuja kutazama. Miongoni mwao alikuwamo Jacky, aliyesoma darasa moja na Aluoch.

"Niaje, Aluoch," alisema Jacky. "Naona tenti ya matanga. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Hili ni hema la safari."

"Yaani mko na nyumba, halafu mnalipa nauli mwende kulala nje?"

Watoto walicheka. Aluoch naye alicheka, akaingia hemani, akatoka, akaingia tena, mpaka baba yake akamwamuru aache zipu ipumzike.

Jumamosi ya kwanza ya likizo, tarehe mbili Agosti, Shangazi Millicent aliwapeleka wasichana hao wawili mjini kuchanjwa dhidi ya homa ya manjano. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Shangazi alilipa dirishani, akapewa stakabadhi mbili na nambari mbili. Aluoch alipata nambari arubaini na moja, na Amondi arubaini na mbili. Wakati huo muuguzi alikuwa akiita nambari kumi na tisa.

Aluoch aliketi. Akaweka mguu mmoja juu ya mwingine, akaubadilisha, akasimama, akaketi tena. Sindano hakuiogopa hata kidogo. Kilichomshinda ni benchi. Nambari ishirini na nane ilipoitwa, alimnong'oneza Shangazi kwamba angetoka kidogo kunyoosha miguu. Nje ya lango palikuwa na mchuuzi aliyepanga kurunzi za kuvaa kichwani. Aluoch alijaribu ya kwanza, ya pili, hata ya sita, huku akijiona tayari kisiwani.

Aliporudi, muuguzi alikuwa akiita hamsini na tatu.

"Aliyepitwa na nambari yake achukue nyingine mwishoni mwa foleni," muuguzi alimwambia bila kuinua macho.

Foleni ilifika mlangoni. Papo hapo Shangazi Millicent alitokea chumba cha ndani, amemshika Amondi aliyekuwa akifuta machozi.

"Nilidhani umetangulia kuingia. Wewe umeshachanjwa?" aliuliza.

Aluoch aliitazama foleni.

"Ndiyo, Shangazi," alijibu.

"Na kadi?"

"Iko mfukoni."

Mfukoni mlikuwa na stakabadhi tu. Aluoch alijiambia kwamba angerudi siku yoyote ya wiki iliyofuata akamalize jambo hilo kimyakimya. Nyumbani baba yake aliwaagiza watie kadi zao katika bahasha ya kaki iliyokuwa kabatini. Amondi alitia yake. Aluoch alifungua bahasha, akaifunga. Bwana Obura, aliyewaamini watoto wake, alitia alama kwenye orodha nyuma ya mlango.

Wiki ilipita. Jumatatu palikuwa na nguo za kufua, Jumanne maji yalikatika, Jumatano na Alhamisi Mama alihitaji mtu wa kushikiza vifungo. Amondi alilalamika kwamba mkono ulimuuma, akamuuliza dada yake kama wake nao ulikuwa ukiuma.

"Mimi si mtoto," Aluoch alimjibu.

Ijumaa jioni, walipokuwa wakila, Bwana Obura aliivaa miwani yake akasoma maelezo ya safari kwa sauti.

"Kadi ya manjano huanza kutambuliwa siku kumi baada ya chanjo. Nyinyi mlichanjwa tarehe mbili, kwa hiyo kuanzia tarehe kumi na mbili mko salama. Ndiyo maana nilihimiza muende mapema."

Chini ya meza Aluoch alihesabu kwa vidole. Hata kama angechanjwa kesho, tarehe tisa, kadi yake ingetambuliwa tarehe kumi na tisa. Basi lingeondoka tarehe kumi na sita. Alihesabu upya akianzia kidole kingine. Jibu halikubadilika. Wenzake wangevuka, naye angebaki Mbotela.

Aliacha kula. Alitoka nje, akarudi, akatoka tena.

"Una nini?" Mama aliuliza. "Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Joto tu, Mama."

Jacky alikuwa ameketi kwenye ngazi za nyumba yao. Aluoch alimweleza yote kwa pumzi moja.

"Hiyo ni kitu kidogo," Jacky alisema. "Kuna msee anaitwa Kisilu, ana mashine ya kutoa nakala pale Muthurwa. Anakuandikia kadi na tarehe yenye unataka. Haulizi maswali mingi."

Asubuhi iliyofuata Mama aliwatuma wasichana wote wawili sokoni Muthurwa kununua zipu na uzi. Walipokwisha kununua, Aluoch alimshika mdogo wake mkono, akamwongoza hadi kibanda cha Kisilu. Kisilu alikuwa kijana mwembamba mwenye kalamu sikioni. Aliposikia haja yao alifungua droo, akatoa kadi tupu ya rangi ya manjano na mhuri.

"Jina?"

"Aluoch Obura."

"Tarehe ya chanjo?"

"Tarehe mbili Agosti."

Amondi alimvuta dada yake sketi. "Dada, kwani kadi yako haiko kwenye bahasha?"

"Nyamaza, Amondi."

"Huyu mdogo umemletea nini?" Kisilu aliuliza. "Watoto wana midomo."

"Nitanyamaza," alisema Amondi polepole. "Lakini yule afisa wa mpakani akiniuliza kama tulichanjwa pamoja, nimjibu nini? Na Baba akiniuliza?"

Hadi dakika hiyo uongo ulikuwa wa Aluoch peke yake. Sasa ilimbidi amfundishe mtoto wa miaka tisa maneno ya kusema, amkaririshe njiani kama shairi la shule, kisha amchunge asiyasahau mbele ya afisa, mbele ya Baba, na siku zote nne za kisiwani. Kalamu ya Kisilu ilikuwa imekwisha kuandika herufi ya kwanza ya jina lake.

"Kaka, usiandike," alisema.

"Nishaanza kuandika, unaona? Kadi imeharibika."

"Samahani sana. Usiandike."

Kisilu aliguna, akaikunja kadi na kuitupa chini ya meza. Wasichana waliondoka. Aluoch alitembea mbio hata Amondi akalazimika kukimbia nyuma yake. Njia nzima alitaka kufika na alitaka kutofika.

Nyumbani aliwakuta Mama akiwa kwenye cherehani, Baba akikunja vyandarua, na Shangazi Millicent, aliyekuja kusaidia, akipanga vyombo katika kikapu. Aluoch hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: benchi, kurunzi, foleni, neno alilomjibu Shangazi, na kibanda cha Kisilu. Alipomaliza, alitoa stakabadhi mfukoni akaiweka mezani.

Bwana Obura aliifungua bahasha ya kaki. Akatoa kadi moja, ya pili, ya tatu. Akaitikisa. Haikutoka nyingine.

"Nilikuuliza kwa kinywa changu," Shangazi Millicent alisema. "Ukanitazama usoni ukanijibu ndiyo."

"Nilikosa, Shangazi. Naomba unisamehe."

"Nitakusamehe. Leo bado nimekasirika."

Bwana Obura aliyatazama maandishi nyuma ya mlango. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama Aluoch, njia ni mbili. Twende watatu tarehe kumi na sita, Aluoch abaki na shangazi yake. Au tungoje hadi tarehe kumi na tisa twende wote, na siku nne za kisiwani ziwe mbili, hata nikiitoa siku moja ya kupumzika nyumbani, maana ruhusa yangu haiongezeki hata kwa saa moja."

Mama aliisimamisha cherehani.

"Nani amekutuma uje useme?" Mama aliuliza.

"Hakuna, Mama. Amondi aliniuliza swali nikakosa jibu."

Mama alimtazama mumewe. "Angebaki kwa sababu amedanganya, ningekubali. Lakini akibaki siku ambayo amesema ukweli, atajifunza nini? Mimi naona tungoje."

"Amondi?" Baba aliuliza.

Amondi alikuwa amezihesabu siku zile nne moja moja. "Mbili pia ni nyingi," alisema.

"Basi tutangoja," Bwana Obura alikata shauri. "Ila wewe, Aluoch, ndiwe utakayempigia simu mwenye kambi ya kisiwani umweleze kwa nini tunabadilisha tarehe. Usimwambie kwamba basi limeharibika."

Aluoch alipiga simu. Hakuruka neno. Mwenye kambi alimsikiliza hadi mwisho, akasema angetazama nafasi zilizobaki na kuwajibu Jumatatu.

Jumamosi kituo cha chanjo kilikuwa kikifungwa saa saba mchana, kwa hiyo walikwenda papo hapo. Bwana Obura alimfikisha mlangoni, wakapewa nambari themanini na sita. Muuguzi alikuwa akiita thelathini na nne. Aluoch aliketi. Vidole vya miguu vilicheza ndani ya viatu, macho yakaruka dirishani na kurudi, lakini makalio yake hayakuondoka kwenye benchi. Mtu wa jirani yake alitoka, akarudi, akakuta amepitwa na nambari yake, akaanza kugombana na muuguzi. Aluoch aliinamisha kichwa. Nambari themanini na sita ilipoitwa saa sita na nusu, aliinuka haraka kiasi kwamba muuguzi alimwonya asikimbie. Sindano yenyewe haikuchukua muda wa kuhesabu hadi tano.

Jumatatu, jibu la mwenye kambi lilikuja. Sehemu iliyo karibu na maji ilikuwa imechukuliwa na wageni wengine, na kwa tarehe hizo mpya pangebaki nafasi moja tu nyuma ya jiko la kambi. Bwana Obura aliipokea. Usiku huo hakuimba alipokuwa akipiga viatu rangi, kama ilivyokuwa desturi yake. Ukimya huo ulimwuma Aluoch kuliko karipio.

Siku kumi zilikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mkono ulimuuma siku mbili, akamwambia Amondi kwamba ulikuwa ukimuuma kweli. Tarehe kumi na sita basi walilopaswa kusafiri nalo liliondoka bila wao. Siku hiyo Aluoch alifua mapazia yote ya nyumba bila kuambiwa na mtu, akamsindikiza Shangazi Millicent hadi kwake Komarock amsaidie kubeba mzigo. Walipoagana, Shangazi alimpa embe mbili, moja ya Amondi.

Jumanne, tarehe kumi na tisa, familia ilifika mpakani Busia mchana. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Afisa wa afya alizipitia kadi tatu kwa haraka, kisha akaishika ya nne karibu na macho.

"Tarehe tisa hadi leo," alisema, akihesabu. "Zimetimia kumi leo hii. Mbona wewe ulichelewa kuliko mdogo wako?"

Aluoch hakumtazama mtu mwingine. "Nilitoka kwenye foleni nikapitwa na nambari yangu. Kisha nikadanganya kwamba nimechanjwa."

Afisa aliinua macho, akawatazama wazazi, akamrudishia kadi. "Piteni. Safari njema."

Walipokuwa wakingoja mizigo ikaguliwe, Bwana Obura alimwita bintiye wakae juu ya hema lililokunjwa.

"Aluoch, kupitwa na nambari lilikuwa kosa la saa mbili. Ungerudi mwisho wa foleni siku ile ile, tungekuwa tumeshakaa kisiwani. Uliposema uongo ulilifanya kosa la wiki nzima, tena ulilifanya letu sote. Na kadi ya Kisilu ingekupitisha hapa, lakini mbu wa huko hasomi kadi. Kosa likiungamwa mapema hubaki dogo. Likifichwa hukua, kama wasemavyo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Baba."

"Vizuri. Wewe utaitunza bahasha hii mpaka turudi nyumbani."

Aliiweka bahasha ya kaki mikononi mwake, na kadi zote nne zilikuwamo. Aluoch alizihesabu moja, mbili, tatu, nne, akaifunga bahasha, kisha akaketi akingoja zamu yao iitwe.