Mgeni wa Upande wa Kushoto

Aliyebisha mlango alisema hodi, na hilo peke yake lilitosha kumshtua Mama Chiriku, kwa sababu walikuwa nchi ya watu na tangu wavuke mpaka wa pili hawakuwa wamekutana na mtu anayejua hata neno moja la lugha yao. Lakini alikuwa ameinama kwenye sinki la karavani akiosha vikombe, mvua inapiga bati juu ya kichwa chake, na mdomo ulijibu kabla ya akili.

"Karibu."

Alijifuta mikono, akafungua mlango. Nje palikuwa na kona ya barabara, mtaro uliojaa maji na mvua. Hakukuwa na mtu. Mumewe alikuwa amelala chali kwenye tope chini ya ekseli, miguu imetokeza. Alimuuliza kama ndiye aliyebisha. Mumewe akamjibu kutoka huko chini kwamba yeye ndiye mwenye nyumba, apige hodi ya nini. Mama Chiriku akafunga mlango. Ndani palinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Alidhani ni ile beringi ya gurudumu la kushoto, iliyoungua na kuwasimamisha hapo.

Karavani yenyewe ilikuwa nyumba ya bati ya magurudumu mawili, inayokokotwa na gari. Baba Chiriku, fundi vigae, aliinunua ikiwa mkweche akaifufua kwa mikono yake, ili akipata kazi ya mbali aende na familia badala ya kulipia chumba. Sasa kazi ya hoteli waliyoifuata huko ilikuwa imekwisha na walikuwa wanarudi nyumbani. Mkewe, muuguzi wa kliniki ya watoto, alikuwa amemaliza likizo yake yote na ya kuomba juu yake.

Chiriku alikuwa binti yao wa miaka minne. Jina hilo alilipata kwa mdomo wake. Mama yake alimfundisha adabu mapema, naye akaishika kupita kiasi. Mgeni haondoki bila yeye kumfikisha mlangoni, kumpungia mkono na kumwambia karibu tena. Alimwambia hivyo hata askari wa mpakani aliyewapekua mizigo hadi kwenye soksi, na baba yake alicheka hata akashindwa kutia saini.

Fundi wa gereji iliyokuwa karibu alikuja na gari la kuvuta. Waliongea kwa maneno machache ya lugha yake ambayo Baba Chiriku aliyaokota kazini, mengine kwa mikono. Beringi ilibidi iagizwe mjini. Hadi ifike, wangelala humo humo, nyuma ya gereji, katikati ya maganda ya magari yaliyokwisha kazi.

Jioni ile Baba Chiriku alifanya kama afanyavyo kila wanapotua. Alitoa pima maji yake ya kazini, akailaza sakafuni, akapandisha na kushusha miguu ya jeki hadi kile kiputo cha hewa kikatulia katikati ya mistari miwili. Kisha akamwita mkewe mlangoni aje astaajabu.

"Hata meza ya rais haijanyooka hivi," alisema.

Walisimama wote watatu nje, kwenye changarawe, wakitazama ndani. Kiputo kikaondoka katikati. Kilisogea kulia, polepole, kama kinavyosogea mtu mzito anapokanyaga upande wa kushoto. Springi zililia kidogo. Kikatulia huko.

Baba Chiriku alilaumu ardhi iliyolowa. Aliweka mbao chini ya jeki, akasawazisha upya, akaosha mikono. Aliporudi, kiputo kilikuwa kulia.

Kesho yake fundi aliinua upande wa kushoto ili atoe gurudumu, na jeki ikanung'unika. Aliuliza kwa mikono wamebeba nini. Walitoa mashine ya kukatia vigae, masanduku, mitungi ya maji, hata magodoro. Karavani ikabaki tupu, na bado ililala kushoto. Fundi alichungulia ndani, akanusa, akarudi nyuma. Tangu hapo kazi yake yote aliifanya kwa nje, na chombo kilichosahaulika ndani alimwomba Baba Chiriku amletee.

Upande huo wa kushoto ndiko kulikokuwa na kitanda cha Chiriku, benchi fupi chini ya dirisha. Mchana, alipolazwa apumzike, mama yake alimkuta amejibanza ukutani, nusu ya godoro ameiacha wazi. Alimwambia ajinyooshe vizuri. Mtoto akatikisa kichwa.

"Mgeni hatapata nafasi," alinong'ona. "Anasikia baridi, mama."

Mama Chiriku aliweka kiganja kwenye ile nusu tupu ya godoro. Lilikuwa limebonyea, na lilikuwa na unyevu.

Alimnyanyua mtoto amtoe nje, na hapo ndipo hofu ilipomkamata sawasawa. Huyu mwanamke alikuwa amebeba watoto wa watu tangu aanze kazi. Wenzake kliniki walimwekea dau la chai aseme uzito wa mtoto kabla ya mizani, na chai aliinywa yeye. Mikono yake ilimwambia kwamba Chiriku amepungua. Hakuwa amekonda. Mashavu yalikuwa yale yale, nguo zilimkaa vile vile, hakuwa na homa, na uji alikuwa ameumaliza akaomba mwingine. Alikuwa mwepesi tu, kama ndoo iliyovuja bila mtu kujua.

Hakumwambia mumewe. Kila alipomnyanyua mtoto alimkuta mwepesi zaidi, na kila mumewe alipolaza pima maji, karavani ilikuwa imezidi kulala kushoto. Mwisho alimchukua binti yake hadi kwenye mizani ya vyuma chakavu pale gereji, akamsimamisha juu yake, akamwita Baba Chiriku aje aone. Mshale ulisimama pale unaposimama kwa mtoto wa mwaka mmoja.

Fundi aliwakimbiza mjini kwa gari lake. Daktari alimpima Chiriku macho, kifua, damu na mkojo, akasema ni mtoto mzima kabisa. Alishauri wenye gereji warekebishe mizani yao, wala hakumpandisha kwenye ya kwake. Chiriku alimuaga daktari kwa adabu zake zote.

Giza lilipoanza kuingia Mama Chiriku alikaa ndani ya ganda la gari moja, mbali na karavani, akampigia simu shangazi yake. Shangazi alitibu watu wenye majini, ingawa hakupenda kuitwa mganga. Husema kazi yake ni kuamua ugomvi wa wapangaji. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza, na hilo halikuwa jambo lake la kawaida.

"Nani alimfungulia?"

"Hakuna, shangazi. Alibisha, nikajibu."

"Ukamwambia karibu."

"Nilimwambia."

"Kwa lugha yetu, huko mlikofika?"

"Ndiyo."

Kisha shangazi akasema, kwa sauti ya chini, "Basi hakuvunja mlango, mwanangu. Kwa hiyo usimfukize, usimsomee, usimtukane. Atakuuliza kosa lake nini. Anakaa hapo kwa neno lako, na mwili anauchota kwa mtoto. Akiupata wote, mtarudi na yeye, na Chiriku mtamwacha huko."

Alimwagiza la kufanya. Kabla ya watu kuamka, afungue mlango, atangulie mbele, amfikishe mgeni pale pale alipobisha. Asigeuke. Akifika avuke mtaro, arudi kwa njia nyingine. "Atakusemesha. Usimjibu. Usimuage. Neno ndilo lililomleta, asipate jingine kwa mtu wa nyumba hiyo. Na huyo mumeo mwenye mdomo kama spika ya mkutano, mwambie aume ulimi."

Baba Chiriku, aliyekuwa amesimama dirishani akisikia yote, siku nyingine angejitetea. Safari hii aliitikia tu kwa kichwa.

Alfajiri kulikuwa na ukungu. Chiriku alikuwa amelala kifuani kwa baba yake, ndani ya gari. Mama Chiriku alifungua mlango wa karavani, akausukuma hadi mwisho, akaupa mgongo, akaanza kwenda. Nyuma yake springi zililia, na upande wa kushoto ukasikika ukiinuka, kama mtu aliyekuwa amekaa kwa muda mrefu amesimama.

Alipita kwenye maganda ya magari, akapita geti, akaingia barabarani, na harufu ya majivu mabichi ikamfuata begani, na katika ukungu alisikia hatua alizotarajia ziwe nzito za mtu mzima lakini zilikuwa fupi na za kurukaruka, mbili za haraka na moja ya kuburuta, hatua ambazo angezijua katikati ya soko zima kwa kuwa ndizo zilizomfuata jikoni, uani na dukani tangu Chiriku alipojua kutembea, na alitamani kugeuka hata kwa jicho moja tu ili ahakikishe kwamba hakukosea, kwamba aliyelala kifuani kwa baba yake kule nyuma ndiye aliyekuwa mtoto na huyu siye, hasa pale sauti iliposema karibu kabisa na kiuno chake, "Mama, nimechoka. Nibebe," na mkono mdogo, baridi kama chuma cha mizani, ukatafuta vidole vyake ukavishika.

Alikaza macho mbele. Vidole alivikunja ngumi.

Kwenye kona hatua zilisimama. Sauti haikuwa tena ya mtoto. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke.

"Ulinikaribisha vizuri," ilisema. "Niambie nije lini tena."

Mama Chiriku aliuma mdomo hadi akasikia damu. Akashuka mtaroni, maji yakamfika magotini, akapanda upande wa pili, akarudi kwa kukata mashamba, analia bila kutoa sauti.

Mumewe alimpokea getini. Alimwongoza hadi mlango wa karavani, akamwonyesha pima maji sakafuni. Kiputo kilikuwa katikati. Mama Chiriku akaenda kwenye gari akamnyanyua binti yake, na mgongo wake ukaguna kwa uzito. Alimng'ang'ania hivyo hivyo hadi mikono ikafa ganzi, na Chiriku, aliyekuwa amezinduka, akalalamika kwamba anabanwa.

Mchana beringi ilifika. Fundi aliifunga, na kwa mara ya kwanza aliingia ndani mwenyewe kuchukua bisibisi yake. Waliagana kwa mikono. Mama Chiriku, ambaye hakuwa ameonja usingizi, alilala kitini kabla gari halijatoka getini.

Aliamka wakiwa wamevuka mpaka. Jua lilikuwa linatua na mumewe alikuwa ameegesha kwenye kituo cha malori. Alikuwa tayari ndani ya karavani na pima maji yake, anapiga mluzi. Kwenye kiti cha nyuma Chiriku alikuwa macho, ametulia, mikono juu ya magoti.

"Ulilala sana, mama. Tumempita mgeni pale kwenye kona. Alikuwa amesimama kwenye mvua."

Mama Chiriku aligeuka taratibu.

"Hukumuaga," mtoto alisema. "Alisikitika. Nikamuaga mimi, dirishani."

"Ukamwambiaje?"

Chiriku alimkazia macho kwa mshangao, kama anayeulizwa jambo na mtu yule yule aliyemfundisha.

Kule nyuma mluzi ulikatika. Mama Chiriku alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akafungua mkanda wa kiti. Akaingiza mikono chini ya makwapa ya binti yake, akakaza mgongo kwa ule uzito wa asubuhi, akanyanyua.

Mtoto alikuja juu mara moja, bila kuvuta, kama gauni linaloanuliwa kambani.