Bawaba za Geti la Barazani

Baraza ya nyumba ya Aikaeli, huko Old Moshi, inaishia ukingoni mwa korongo. Chini kuna mawe na mto. Tangu binti yake Loveness aanze kutembea, Aikaeli hakuwa na raha. Hata akikatia ng'ombe majani, jicho lilikuwa barazani.

Mumewe, Godlove, akatengeneza geti dogo kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Alichukua shiti nyembamba ya alumini, akaifungia bawaba za chuma kwa skrubu, kisha akalifunga geti kwenye nguzo ya mti ukingoni mwa baraza. Godlove ni fundi wa mbao, na fundi wa mbao huona kila kitu ni ubao.

"Litashika?" Aikaeli aliuliza.

"Mabanda mangapi ya ng'ombe nimejenga, mama Loveness? Skrubu ni skrubu."

Mvua za masika zikanyesha wiki nzima. Asubuhi moja Loveness aliegemea geti akiwaita kuku. Aikaeli akasikia kitu kimekatika. Bawaba ya juu ilikuwa imechomoka, geti limeinamia korongoni, na mtoto yuko juu yake. Aikaeli aliruka, akamdaka gauni. Alikaa chini naye. Hofu ilimkausha hata machozi.

Jioni Godlove alikata jani la sale, akampa mkewe kwa mikono miwili. Kwa Wachagga, aliyepewa sale hakatai kusamehe.

"Sale nimelipokea," Aikaeli alisema. "Geti silipokei. Naliogopa."

Kesho yake Godlove akamwita jirani yao Yuditha, binti anayetengeneza madirisha ya alumini mjini Moshi.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," Godlove alijibu. "Ndiyo hivyo, mwanangu. Ajali haina kinga."

Yuditha alipapasa matundu ya skrubu. "Hii ilikuwa na kinga, baba. Tazama upande wa nguzo. Skrubu zimeshika, maana mti ni mnene. Shiti ni nyembamba, skrubu haina pa kung'ata. Ikivutwa, inang'oka. Na huu unga mweupe unauona? Chuma kikigusana na alumini penye unyevu, alumini inaliwa."

"Sasa tufanyeje?" Aikaeli aliuliza.

"Tutoboe matundu mapya, mbali na haya yaliyopanuka. Tupitishe bolti mpaka upande wa pili. Nyuma tuweke bapa nene la alumini, ili uzito usambae. Kati ya bawaba na shiti tuweke mpira wa tyubu ya baiskeli. Kisha washa pana, kile kipete bapa cha chini ya nati, na nati mbili, ya pili iikaze ya kwanza."

Godlove akatoboa, Yuditha akashika bapa. Walipomaliza, Aikaeli alipitisha kidole kwenye kila nati.

"Ning'inia," alimwambia mumewe.

Godlove alicheka. Alipouona uso wa mkewe, akalishika geti. Alilifungua kwa ndani, akaning'inia kwa uzito wake wote. Hakuna bolti iliyosogea.

Siku iliyofuata Loveness aliegemea geti tena. Mkono wa Aikaeli ukanyooka wenyewe. Geti halikutikisika. Akaurudisha mkono polepole, akaendelea kumenya ndizi.