Darasa la Taa za Kijani

Bangili ilitetemeka mkononi mwa Mkami, na taa ya dawati lake ikageuka manjano kabla yeye mwenyewe hajajua kwamba amekasirika. Papo hapo mwalimu-mashine akashusha sauti, akamletea hesabu nyepesi. Mkami akapumua. Taa ikarudi kijani.

Sijaona, mlezi wa darasa, hakuchoka kuyatazama maajabu hayo. Mwaka jana, katika shule hii ya maadilisho wanakofungwa wasichana waliohukumiwa na mahakama, madawati yalikuwa yakiruka. Sasa bangili zinasoma mapigo ya moyo, na siku ishirini na tisa zimepita bila hata kiti kuanguka! Msichana akimaliza thelathini bila taa nyekundu, faili lake linakwenda kwa hakimu, huenda akarudi kwao. Nyamizi alibakiza kipindi kimoja tu.

"Nyamizi, soma," mwalimu-mashine alisema.

Nyamizi aliletwa hapa hajui hata herufi. Akaweka kidole kwenye mstari.

"Mvua… ilinyesha. Mvua ilinyesha, na asubuhi mahindi yakawa yamesimama." Akageuka, macho yamemtoka. "Dada Sijaona! Nimesoma yote! Sijakwama!"

Taa yake ikawaka nyekundu.

"Fujo," mwalimu-mashine alisema. "Mlezi, weka kidole gumba kuthibitisha, iingie kwenye faili."

"Fujo gani? Mtoto amefurahi!"

"Mapigo mia na arobaini. Thibitisha."

Mkami akasonya. "Si nilikwambia, we Nyamizi? Ukifurahi, bana pumzi. Wenzako wote tunabana."

Sijaona akazitazama taa za kijani. Siku zote hizo hakusikia kicheko humu ndani, na kwenye ripoti aliandika, kwa mkono wake: darasa tulivu.

Akaenda mbele. "Mpigieni mwenzenu makofi ya kilo!"

Wakatazamana. Makofi hayo ya kumpongeza aliyepata hayajapigwa tangu taa zifungwe.

"Dada, taa zetu je?" Mkami akauliza.

"Pigeni!"

Pa-pa, pa-pa, pa-pa-pa! Mkami akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Taa kumi na mbili zikawaka nyekundu. King'ora kikalia, buti za walinzi zikasikika koridoni.

"Fujo. Darasa zima. Thibitisha."

Sijaona akakunja kidole gumba ndani ya ngumi. "Andika furaha."

"Neno hilo halimo kwenye orodha."

"Basi liingize," alisema, akaenda kuuegemea mlango kwa mgongo, walinzi wasiingie. "Haya, Nyamizi, mdogo wangu. Mstari unaofuata."