Karoti za Verlene na Kokoto za Otha

Asubuhi ile Verlene hakutulia. Alifagia jikoni, akafagia baraza, akashuka uani na ufagio wake. Kwao Georgia, kusini mwa Marekani, ua safi ni udongo mtupu, usio na jani hata moja. Ndivyo walivyofagia mama yake na bibi yake. Akafika kwenye tuta la karoti, akalifagia nalo. Kisha akachokonoa udongo kwa kidole. Hakukuwa na mche.

Otha, mume wake, alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Unaziamsha tena? Hata mimi ukinichokonoa hivyo siamki."

"Niache, Otha."

"Nimekuacha kiangazi chote. Sasa ni Septemba. Tulikubaliana, zisipoota namwaga kokoto hapo, naegesha gari langu."

"Mungu hajanijibu bado."

"Mwenye kokoto amejibu. Anakuja mwisho wa mwezi."

Verlene hakucheka. Hapo tu ndipo jua lilipofika uani kwao. Akipakosa, hatakuwa tena na bustani. Na pakiti ya mbegu ilibaki moja. Madukani walikwisha kuziondoa, wakapanga mapambo ya Krismasi.

Jirani yao, Bi Arletha, alikuwa akiwatazama. Yeye ndiye aliyetunza bustani ya kanisa. Akaja na gunia kuukuu la karanga.

"Verlene mwanangu, unafagia kitanda na mtoto kalala ndani?"

"Mama alinifundisha usafi, Bi Arletha."

"Usafi wa ua, sawa. Hili ni tuta. Hebu gusa."

Verlene akagusa. Udongo mwekundu ulikuwa mgumu kama ukoko wa sufuria.

"Umeuacha uchi, jua likauoka," alisema Bi Arletha. "Mbegu ya karoti ni ndogo mno. Itatoboa wapi? Lainisha udongo, changanya na majani yaliyooza. Panda juujuu tu. Nyunyiza maji taratibu, yasisombe mbegu. Kisha funika na gunia hili, lilowe kila siku."

"Nikitaka kuona?"

"Inua pembe, chungulia, rudisha. Kidole weka mfukoni. Karoti si maharage, huchukua wiki mbili au tatu. Ukiona mche wa kwanza, ondoa gunia jioni, jua lisiiunguze miche."

Verlene akapanda. Siku zile zilimtesa. Aliimba nyimbo za kanisani bila kumaliza hata mmoja.

"Leo umepiga pasi soksi zangu," alisema Otha. "Mwanamke, kaa chini."

Lori la kokoto likaja. Lilipoanza kurudi nyuma uani, Verlene akakimbia akasimama mbele ya tuta. Akainua pembe ya gunia. Miche ilikuwa imetoka, myembamba kama nyuzi.

Otha akapiga magoti. Akaitazama.

"Kokoto zimwage kule njiani, kwenye madimbwi," alimwambia dereva.

"Na gari lako?" Verlene akauliza.

"Litalala nje barabarani. Halina mafua."

Jioni ile waliondoa gunia. Miche ilipokua, Verlene aliipunguza ili isibanane, akatandaza majani ya msonobari katikati ya mistari. Ufagio haukufika tena pale.

Wiki ya Krismasi baridi ilikuwa kali. Otha alitoka akinung'unika, kwenda kukwangua barafu kwenye kioo cha gari. Alirudi na karoti mikononi, akitafuna.

"Umekwangua kioo?" Verlene akauliza.

"Kioo gani?" alisema Otha, akaenda kuosha karoti nyingine.